Ukuta Uliotoa Chumvi

Juzi nilikwenda Ukunda kununua rangi ya chumba changu. Ni chumba kimoja tu, nimekipanga mwenyewe kwa pesa za kusuka nywele za watu, na mwenye nyumba ameniruhusu nipake nitakavyo mradi isiwe nyeusi. Mimi kwa ndoto sijambo. Wiki nzima nilikuwa nimekwisha kukipaka kichwani: ukuta huu waridi, ule kijani cha jani changa la mkorosho, na pazia juu. Nikaingia dukani nikicheka peke yangu.

Kijana wa dukani akaniuliza, "Siste, tukupee rangi ya kopo la jogoo ama la kasa? Ya jogoo ndiyo wasee wanachukua saa hii. Ya kasa ni ya wazee."

Akabandua kifuniko cha kopo kwa bisibisi anionyeshe. Ile harufu ikapanda. Jamani, nilishika meza. Yeye alidhani nimezimia kwa bei, akaanza kunipunguzia. Nikamwambia nitarudi kesho, na kesho ile mpaka leo haijafika. Nyinyi wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kuna harufu ambazo zikikuingia puani unarudi na miguu mitupu, gauni la shule limefupika, na moyo unadunda kwa jambo ulilolifanya ukiwa na miaka tisa.

Sisi kwetu ni Msambweni. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, imepakwa chokaa, na aliyekuwa akiipaka ni baba. Baba alipofariki chokaa ikaanza kudondoka vipande, nasi tukauzoea ukuta wenye mabaka hata nikawa ninaona picha ndani yake: huyu ng'ombe, huyu mama amebeba kuni. Kisha dada yangu Mwanasha akaposwa, na watu wa bwana harusi, kutoka Wasini, wakasema watakuja Ijumaa fulani kwa mambo ya nikaha. Mjomba Salimu alipopata habari alikuja na pikipiki, akasimama sebuleni, akautazama ukuta ule, akasema:

"Mwanasha ataolewa ndani ya pango?"

Kwetu Wadigo mjomba akishasema, limesemwa. Mama alikuwa dada yake mkubwa, lakini mambo ya arusi ya mtoto wa dada ni ya mjomba. Siku ya pili akaja na fundi.

Fundi mwenyewe aliitwa Tsuma. Alikuwa mtu wa huko Samburu ya Kwale, kule bara, mrefu, mwembamba, suruali yake ina madoa ya nyumba zote alizopata kuzipaka. Mbuzi wake walikufa kwa ukame ndipo akashuka pwani na brashi. Alimwita mama "mayo", yaani mama kwa lugha ya kwao, kwa heshima yote, na mimi akaniita jina langu kamili, Kidawa, wakati wengine wote nyumbani waliniita "wewe". Nilimpenda siku hiyo hiyo. Aliniambia ana binti wa umri wangu aliyebaki kwa bibi yake kule juu, na kwamba akipata kazi ya kukaa atamleta asome huku.

Na kazi ya kukaa ilikuwapo. Mjomba alikuwa anamalizia vyumba kumi na viwili vya kupangisha kule Diani. Alimwambia fundi mbele yetu sote, kidole juu: "Nyumba hii ndiyo mtihani wako, Tsuma. Ukipasi, vyumba vyangu vyote ni vyako. Ukifeli, barabara unaijua."

"Nimekusikia, mzee," akasema fundi.

Basi zikaanza siku za kuchagua. Mjomba alitaka rangi ya kopo lenye picha ya jogoo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya bei na ndiyo iliyopakwa kwenye mahoteli. Mama alitaka ya kasa. Walibishana mpaka chai ikapoa.

"Ya jogoo unaipangusa kwa kitambaa, dada. Mtoto akichora, unafuta."

"Na ya kasa inafunika ukipaka mkono mmoja tu. Hiyo jogoo yako nimeiona kwa kina Mejumaa. Mikono mitatu na ukuta bado unachungulia."

"Mejumaa alipakiwa na nani? Na mumewe! Mumewe ni fundi wa baiskeli!"

Fundi Tsuma hakuwaingilia. Alienda nyuma ya jikoni, akakwangua ukuta pahali pawili, akapiga msasa, akapaka kiraka cha jogoo na kiraka cha kasa sawa kwa sawa, vikubwa kama sinia. Kesho yake akatuita sote. Akalowesha kitambaa akasugua huku na huku. Cha kasa kikatoka unga mweupe kitambaani. Cha jogoo kikabaki. Mjomba akajishika kiuno akamtazama mama kama aliyefunga bao.

"Lakini mayo naye ana haki," fundi akasema polepole. "Ya kasa kweli inafunika zaidi. Tukichukua ya jogoo, lazima chokaa ya zamani itoke yote kwanza. Rangi ya maji haishiki juu ya chokaa."

Hapo wote wawili walifurahi. Nilidhani mtu anayeweza kuwafurahisha mama na mjomba kwa wakati mmoja hawezi kushindwa na lolote.

Rangi yenyewe alichagua Mwanasha. Kadi ya rangi ilikuwa na vijipande vidogo kama kucha, vyenye majina ya Kizungu ambayo hatukuyajali, tukavipa ya kwetu. Hii samli. Hii ganda la korosho. Hii macho ya paka wa jirani. Mwanasha akaweka kidole kwenye moja akasema, "Hii. Tui la kwanza." Mimi nikamwambia mbona hilo ni la pili, limeshaingia maji. Akanifinya, akacheka, halafu akakitazama tena kile kijipande. "Wakiingia tu waone nyumba safi, Kidawa. Basi. Wasiseme wamemtoa mtoto kwenye jumba bovu."

Maneno yale niliyachukua kama yalivyo. Nikaamini kabisa kwamba ukuta ukitoka vibaya, watu wa Wasini watageukia mlangoni na dada yangu ataachwa amekaa na hina mikononi.

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa amekwisha kukwangua. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama mzee wa miaka mia. Akafungua kopo la kwanza, ile harufu ikajaa nyumba, akanipa mitungi miwili ya plastiki.

"Kidawa, nenda kanichotee maji mferejini. Ya kisima cha msikiti usiniletee."

Akarudi kwenye rangi yake. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Lakini njiani nilifikiri sana. Kisima kile kiko nje ya ukuta wa msikiti, hatua chache tu kutoka kwetu. Maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, hatukuyanywa, ila watu walitilia udhu na kufulia. Sasa mbona fundi hayataki? Nikapata jawabu langu. Fundi Tsuma hakuwa Mwislamu. Nilimwona adhana ikilia anapunguza sauti ya redio yake ndogo na kukaa kimya kama mgeni. Nikasema, masikini, anaona haya. Anadhani maji ya msikitini si ruhusa kwa mtu kama yeye.

Nilimwonea huruma. Na kule mferejini foleni ilifika kwenye duka la mkate, siwafichi, hilo nalo lilisaidia. Nikageuza. Nikajiambia maji yale watu wanatilia udhu kila siku, yana baraka zao. Ukuta wa dada yangu ukipakwa kwa baraka, nani atausema? Kwamba yana chumvi sikulifikiria hata kidogo. Ukuta hauna ulimi. Nikachota mitungi yote miwili, nikasema bismillahi kwa kila ndoo, nikarudi nyumbani haraka hata fundi akashangaa.

"Leo foleni haikuwako?"

"Ilikuwa fupi," nikasema.

Akamimina, akakoroga, akapaka. Jumamosi jioni ukuta ulikuwa tui la kwanza kweli. Mwanasha alisimama mlangoni akaziba mdomo kwa leso.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza kuamka. Nikaenda sebuleni kuutazama ukuta wangu wa baraka, na nilichokiona sijakisahau. Kuanzia chini mpaka kimo changu ukuta ulikuwa umetoka vipele. Malengelenge, kama ngozi iliyoungua kwa maji ya moto, na baina yake unga mweupe umechanua kama ukungu. Nikagusa kimoja kikapasuka, rangi ikanibaki kidoleni kama gamba la samaki. Nikajaribu kukirudisha, ninabandika kwa mate. Mama akaingia akanikuta hivyo. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale, akasema tu, "Ijumaa."

Mjomba alifika kabla ya saa mbili, amevaa kanzu kwa sababu alikuwa anaelekea Kwale kwa shughuli. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na ngazi begani.

"Tsuma. Njoo hapa. Hii ni nini?"

Fundi aliweka ngazi. Akaja, akapiga goti, akapitisha kiganja ukutani. Sura yake ikabadilika.

"Mzee, ukuta umetoa chumvi."

"Chumvi! Nimekununulia rangi ya jogoo, kopo limefungwa, na wewe wanipakia unga! Nimeshayasikia haya. Fundi anauza rangi nzuri nyuma ya nyumba, koponi anajaza chokaa, halafu anasema chumvi. Umeiuza wapi rangi yangu?"

"Salimu," mama akasema.

"Niache, dada. Mwizi ni mwizi."

Neno lile lilisemwa pale sebuleni na majirani wawili wakalisikia dirishani. Fundi akainuka. Alikuwa mrefu kuliko mjomba, lakini wakati ule alionekana mfupi.

"Mzee, mimi sijaiba. Rangi ni ile ile. Chumvi hii imetoka kwenye maji."

"Maji ya mfereji yameanza lini kuwa na chumvi?"

Fundi akageuka akanitafuta. Nilikuwa nyuma ya Mwanasha, nimeshika gauni lake. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Kidawa, mwanangu. Yale maji ya Jumamosi ulichota wapi?"

Nyumba nzima ikanigeukia. Sasa mjue mtoto wa miaka tisa anafikiria nini. Sikufikiria chumvi. Nilifikiria nimechukua maji ya udhu nikapaka ukuta, na Mwenyezi Mungu ameyakataa, ameyatoa nje ya ukuta ili kila mtu aone. Nilifikiria hii ni dhambi, na dhambi yangu imemwangukia dada yangu siku nne kabla ya wageni. Nikisema, itathibitika. Ulimi ukajisogeza wenyewe.

"Mferejini."

"Umesikia?" mjomba akasema. "Sasa utamsingizia mtoto? Chukua vyombo vyako. Vyumba vyangu usivikanyage. Na nitawaambia wenzangu wote wanaojenga kuanzia hapa mpaka Ukunda."

Fundi Tsuma akapangusa kiganja surualini. "Basi kosa ni langu," akasema, akatoka.

Nilimfuata. Hakuna aliyenituma, miguu tu. Alikuwa nyuma ya jikoni anakusanya brashi zake, anataka kuziosha na maji yaliyobaki mtungini. Akatumbukiza kidole, akagusisha ulimi. Kisha akasema bila kugeuka, maana alijua nipo:

"Ya msikitini."

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuniona, ikabidi niseme. "Ndiyo."

"Kwa nini, Kidawa?"

"Nilitaka ukuta upate baraka. Na wewe nilidhani unaona haya."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti. "Baraka zimezidi kipimo, mwanangu." Akapangusa macho kwa mkono wenye chokaa. "Chumvi haipatani na rangi. Ni hilo tu. Si haya, si dhambi. Ilinipasa nikwambie." Akafunga brashi kwa kamba. "Usimwambie mtu. Utapigwa, na arusi itaingia maneno. Mimi nitapata ukuta mwingine."

Akaweka ngazi begani, akashika ndoo, akapita kichochoroni kuelekea barabarani.

Wenzangu, nilikuwa nimepewa ruhusa. Mtu mzima, tena aliyeonewa, ameniambia ninyamaze. Ningeweza kukaa pale nyuma ya jikoni mpaka leo. Nilihesabu hatua zake, na kila hatua nilimwona yule binti wa Samburu nisiyemjua, amekaa kwa bibi yake amevaa sare ambayo hajanunuliwa. Nikaubeba ule mtungi. Ulikuwa mzito, maji yakinimwagikia miguuni, nikauburura mpaka sebuleni, nikauweka mbele ya kanzu ya mjomba.

"Nilichota kisimani."

Mjomba alikuwa kwenye simu, anatafuta fundi mwingine. Akaiteremsha. "Umesema?"

"Maji. Nilichota kisima cha msikiti. Fundi alinikataza. Nikasema uongo."

"Nani amekufundisha maneno haya? Yeye? Amekupa peremende huko nyuma?"

Nilidhani kusema kweli ndiyo mwisho wa kazi. Sikujua kwamba unaweza kuisema na bado usiaminiwe. Nikalia sasa, kwa sauti, nikachota kwa kiganja nikamnyoshea. "Onja! Mjomba, onja!"

Hakuonja. Aliyepiga magoti ni mama. Akaniinamia kiganjani, akanywa, akatema pembeni. Mwanasha naye akachovya kidole. Mjomba akachukua kata, akateka kidogo, akatia mdomoni, na shingo yake ikasimama.

"Haya," akasema hatimaye. "Wewe mtoto, kimbia ukamwite."

"Haendi," mama akasema. Alikuwa bado amepiga magoti, lakini sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo mbele ya mdogo wake. "Aliyemwita mwizi si yeye. Nenda wewe, Salimu."

"Dada, na hii kanzu..."

"Nenda na kanzu yako."

Akaenda. Tukasimama mlangoni, sisi watatu na majirani wawili. Kwa mbali, pale barabarani penye kibanda cha mihogo ya kukaanga, tulimwona fundi amekaa juu ya ndoo yake anangoja gari. Mjomba akasimama mbele yake. Walichosema sikijui, hakuna aliyewahi kunieleza, na sikuuliza. Fundi hakuinuka upesi. Akawa anatazama chini, anachora mchangani kwa kidole cha mguu, na mjomba akawa anaongea, anafungua mikono, anafunga. Gari likaja. Likasimama. Moyo wangu nao. Kondakta akashika ngazi apandishe juu, na mjomba akaishika upande wa pili. Wakavutana kidogo, kondakta na mjomba, watu wa ndani wanacheka. Halafu gari likaondoka, na mjomba wangu Salimu, ambaye hata mkoba wake alibebewa na watu, akarudi na ngazi begani, imemchora kanzu tui la kwanza kuanzia shingoni mpaka ubavuni. Fundi alikuja nyuma yake na ndoo.

Nitawaambia mapema msikae roho juu: vyumba vya Diani alipewa, na binti yake niliketi naye dawati moja tangu muhula uliofuata. Kupigwa nilipigwa, na mama, kwa ule uongo wala si kwa maji. Lakini siku ile bado hatukuwa tumefika huko. Ukuta ulikuwa bado mbovu na wageni ni Ijumaa. Wakakwangua upya, wakauosha ukuta mara tatu kwa maji matamu yaliyoletwa na mkokoteni, wakauacha ukauke Jumanne nzima madirisha wazi, huku mjomba akija kuugusa kila saa kama anayepima homa.

Jumatano asubuhi fundi akafungua kopo lililobaki. Lilikuwa moja tu, la mkono mmoja, likiharibika hakuna jingine. Akainua macho akanipa mitungi ileile miwili.

"Kidawa. Maji."

Mwanasha akasema ataenda yeye. Fundi akatikisa kichwa. Nikaenda. Foleni ilifika kwenye duka la mkate tena, nikasimama mpaka jua likanichoma utosi, wasichana wakanicheka, "Bi Baraka, leo umepotea kisima?" maana habari ilikuwa imeshaenea mtaa mzima. Nilipofika nyumbani nikaweka mitungi sebuleni mbele yao wote.

"Ya wapi?" fundi akauliza.

"Mferejini."

Neno lilelile nililolisema Jumatatu, pahali palepale. Nililisikia likitoka. Mjomba akanyosha mkono kuchukua kata ili aonje. Fundi Tsuma akaiwahi, akaifunika kwa kiganja chake.

"Amesema mferejini, mzee."

Akainua mtungi, akamimina kwenye rangi.